Mita ya Mwanga Katika Kamera: Iachiwe Mashine au Iongozwe kwa Mkono?

Hakuna jambo linalomwudhi mwenye picha kama kungoja siku nyingi filamu isafishwe, kisha afungue bahasha na kukuta kwamba nyuso za watu hazionekani. Nguo nyeupe ya bibi arusi imetoka vizuri, mawingu yaliyo juu ya Menengai yahesabika moja moja, na hata maua aliyoshika mkononi yajulikana ni ya namna gani. Lakini uso wake na uso wa bwana arusi ni giza tupu, pasipo macho wala tabasamu. Arusi haiwezi kurudiwa. Na kama katika picha hiyo alikuwamo babu mzee ambaye baadaye amefariki, basi hasara hiyo haina fidia.

Mara nyingi lawama huangukia filamu, au mtu aliyeisafisha, au hata watu waliopigwa picha, ambao huambiwa kwamba ni weusi mno. Lawama hizo si za haki. Kwa kawaida kamera ilifanya sawasawa na ilivyoundwa kufanya. Kosa ni kwamba hapakuwa na mtu wa kuielewesha kile ilichokuwa ikikitazama. Siku hizi watu wengi hupiga picha kwa simu, lakini wako ambao bado hutumia filamu, na vijana wengine wameanza kuzitoa kamera za baba zao kabatini. Kwa hiyo yafaa kujua jinsi kamera inavyopima mwanga, na ni wakati gani mwenye kamera aiachie mashine kazi hiyo, na ni wakati gani aishike mwenyewe.

MWANGA NI KAMA MAJI YA BOMBA

Filamu huhitaji mwanga wa kiasi chake. Ukipungua, picha huwa nyeusi. Ukizidi, picha huungua na kuwa nyeupe. Mambo mawili huuongoza mwanga huo. La kwanza ni tundu la lenzi, ambalo laweza kupanuliwa au kupunguzwa. La pili ni muda ambao kilango kilicho mbele ya filamu hukaa wazi.

Mtu anayejaza debe kwenye bomba ataelewa jambo hili bila shida. Bomba likifunguliwa sana, debe hujaa upesi. Likifunguliwa kidogo, debe lile lile huchukua muda mrefu. Maji ni yale yale, njia tu ndiyo tofauti. Matundu ya lenzi huandikwa kwa namba kama 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo. Kila hatua moja kuelekea 16 hupunguza mwanga kwa nusu. Muda nao huandikwa 1/60, 1/125, 1/250 na 1/500 ya sekunde, na kila hatua moja kati ya hizo pia hupunguza mwanga kwa nusu. Kwa sababu hiyo, tundu 11 kwa muda wa 1/125 na tundu 8 kwa muda wa 1/250 huleta mwanga sawasawa.

Debe lenyewe ni filamu. Namba iliyoandikwa juu ya kisanduku chake, ambayo zamani iliitwa ASA na sasa huitwa ISO, huonyesha wepesi wake wa kupokea mwanga. Filamu ya 400 ni kama debe dogo: hutosheka na robo ya mwanga unaohitajiwa na filamu ya 100.

Kabla ya mita kuenea, wapiga picha walikuwa na kanuni moja ambayo haijapoteza faida yake mpaka leo. Jua likiwa kali bila wingu, tundu na liwe 16, na muda uwe sehemu ya sekunde iliyo karibu na namba ya filamu. Filamu ikiwa ya 100, muda ni 1/125. Nakuru iko karibu sana na mstari wa Ikweta, ambao huikata barabara ya kwenda Baringo huko Mogotio, na jua la mchana husimama karibu na utosi mwaka mzima. Basi kanuni hii yaweza kutegemewa huko tangu saa tatu asubuhi hata saa tisa alasiri, mradi hakuna mawingu wala kivuli.

JINSI KAMERA ILIVYOANZA KUPIMA

Mwaka 1932 kampuni ya Weston ya Marekani ilianza kuuza mita iliyotumia madini ya seleni. Seleni ina tabia ya kutoa umeme kidogo inapopigwa na mwanga, na umeme huo husukuma mshale. Mtu alishika mita hiyo mkononi, akasoma namba, kisha akaigeuza kamera yake kwa vidole. Mwaka 1938 Kodak walitoa Super Six-20, kamera ya kwanza kuuzwa ambayo tundu lake liliongozwa na mita yake yenyewe; lakini bei yake ilikuwa kubwa mno, na zilizotengenezwa zilikuwa chache. Mwaka 1959 Agfa wa Ujerumani walitoa Optima, iliyochagua tundu na muda pamoja, na mwenye kamera akabakiwa na kazi ya kubonyeza tu.

Baadaye mita ziliwekwa ndani ya kamera kubwa za kubadilisha lenzi. Mwaka 1976 zilitokea kamera tatu ambazo zaonyesha vizuri njia tatu tofauti. Canon AE-1 ilimwachia mtu kuchagua muda, nayo ikachagua tundu. Pentax ME ilimwachia mtu kuchagua tundu, nayo ikachagua muda. Pentax K1000 haikuchagua neno lolote: ilimwonyesha mtu mshale, ikamwachia yeye kugeuza tundu na muda mpaka mshale usimame katikati. Hii ya tatu, iliyokuwa rahisi kuliko zote, iliendelea kutengenezwa hata mwaka 1997, na walimu wengi wa upigaji picha waliipendelea kwa wanafunzi wao.

MIZANI HAIJUI KILICHOMO GUNIANI

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mkulima wa Njoro akiweka gunia juu ya mizani, mizani humwambia uzito wa gunia. Haimwambii kama ndani yake mna mahindi au mchanga. Mita ya kamera ni mizani ya namna hiyo. Hupima wingi wa mwanga unaorudi kutoka katika vitu vilivyo mbele yake, lakini haijui kama vitu hivyo ni vyeupe vilivyo kivulini au vyeusi vilivyo juani.

Kwa kuwa haijui, watengenezaji wameipa amri moja tu: ihesabu kwamba kila kinachotazamwa, kwa wastani wake, kina rangi ya kijivu cha katikati, yaani si cheupe wala si cheusi. Mara nyingi dhana hiyo ni kweli. Shamba lenye majani, barabara, watu na nyumba, vikichanganyika, wastani wake huwa karibu na kijivu hicho, na picha hutoka vizuri.

Lakini mtu akienda Kariandusi, karibu na Gilgil, kwenye machimbo ya ule udongo mweupe, mita itaona weupe mwingi na kudhani kwamba mwanga umezidi. Itafunga tundu, na udongo mweupe utatoka kama majivu. Vivyo hivyo kundi la mwari weupe wakijaza picha nzima. Kinyume chake, kundi la nyati weusi katika mbuga ya Nakuru litaifanya mita idhani kwamba mwanga ni haba. Itafungua tundu, nyati watoke wa kijivu, na nyasi zilizowazunguka ziungue.

Hayo huipata kamera ya otomatiki, na huipata pia kamera ya mkono ikiwa mwenye kuishika hufuata mshale bila kufikiri. Tofauti ya kamera hizi mbili si katika kupima, kwa kuwa mita zao ni za ukoo mmoja. Tofauti ni katika nani mwenye neno la mwisho. Katika otomatiki, mita husema na kutenda. Katika kamera ya mkono, mita hutoa shauri, na mtu ndiye hukata hukumu.

MFANO WA KANDO YA ZIWA

Ichukuliwe familia iliyokwenda kutembea Ziwa Nakuru. Mchana jua ni kali, nao wamesimama kivulini mwa mgunga. Nyuma yao maji ya ziwa yang'aa kwa jua. Katika kamera mna filamu ya 100, na muda umewekwa 1/125.

Nyuso zao kivulini zahitaji tundu 5.6. Lakini sehemu kubwa ya picha ni maji na mbingu, na mita ya otomatiki, ikiuona ung'aavu huo, yachagua tundu 11. Kutoka 5.6 kwenda 8 ni nusu ya mwanga. Kutoka 8 kwenda 11 ni nusu ya nusu hiyo. Nyuso zimepewa robo tu ya mwanga uliozistahili. Ngozi nyeupe ikipata robo hiyo yaweza kuonekana nyeusi kidogo na kuwa na sura bado. Ngozi nyeusi, ambayo kwa asili hurudisha mwanga mchache, huanguka mahali ambapo filamu haiwezi tena kupambanua jicho na shavu. Hivyo kosa lile lile la mashine humwumiza Mwafrika zaidi.

Yafaa kueleza hapa kwamba mashine hazikuwa peke yake katika kosa hili. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia picha zilirekebisha rangi zake kwa kulinganisha na kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa. Ngozi yake ndiyo iliyofanywa kipimo cha ngozi zote. Ni katika miaka ya 1990 ndipo Kodak walipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Basi mtu aliyeambiwa kwamba picha yake haikutoka kwa sababu ya weusi wake aliambiwa maneno yasiyo kweli. Weusi wa ngozi hupigika vizuri kabisa, ukipewa mwanga wake.

NJIA TATU ZA KUPATA KIPIMO CHA HAKI

Mwenye kamera ya mkono aweza kuiokoa picha ile ya kando ya ziwa kwa njia yoyote kati ya hizi tatu.

Njia ya kwanza ni kusogea karibu mpaka uso mmoja ujaze kamera, bila kuutia kivuli chake mwenyewe, na kusoma mita. Lakini na akumbuke kwamba mita hutaka kuugeuza uso huo kuwa kijivu cha katikati. Kwa uso mweusi itasema 4, na mtu akiifuata, uso utapauka. Basi apunguze hatua moja, aweke 5.6, kisha arudi nyuma alipokuwa na kupiga, asijali mshale unasema nini tena.

Njia ya pili ni kupima kiganja. Viganja vya watu wa rangi zote havitofautiani sana kama nyuso zao, navyo kwa kawaida hung'aa karibu hatua moja kuliko kijivu cha katikati. Mtu aweke kiganja chake katika kivuli kile kile walimosimama watu, akipime, mita itasema 8. Kisha aongeze hatua moja ya mwanga, apate 5.6. Yafaa kila mtu akijaribu kiganja chake mara moja kwa filamu yake ili ajue tabia yake.

Njia ya tatu ni kutafuta kitu ambacho kwa asili ni cha kijivu cha katikati. Nyasi mbichi zilizo katika kivuli kile kile zafaa sana. Mita ikizielekea nyasi hizo itasema 5.6 moja kwa moja, bila kuongeza wala kupunguza.

Yaonekana kwamba njia zote tatu zimefika mahali pamoja. Hiyo ndiyo dalili ya kipimo cha haki.

Mwenye kamera ya otomatiki naye hakukosa njia. Kamera nyingi za namna hiyo zina gurudumu lenye alama za +1 na +2. Kwa picha ile ya ziwa aweke +2. Canon AE-1 ina kitufe maalumu cha kuongeza mwanga wakati mng'ao uko nyuma ya mtu. Na kamera isiyo na lolote kati ya hayo yaweza kudanganywa kwa namba ya filamu: mwenye filamu ya 100 akiweka 25, kamera itatoa hatua mbili zaidi. Lakini na asisahau kuirudisha namba hiyo baadaye, ama picha zote zinazofuata zitazidiwa na mwanga.

OTOMATIKI NAYO INA KAZI YAKE

Si haki kuidharau otomatiki. Heroe wakiruka kwa maelfu kutoka majini, hakuna muda wa kupima kiganja. Mtoto akikimbia kutoka kivulini kwenda juani na kurudi, mkono wa mtu hauwezi kumfuata. Siku za masika, mawingu yakipita upesi juu ya bonde, mwanga wa Molo waweza kubadilika hatua mbili au tatu wakati mtu angali anageuza lenzi. Hapo mashine hushinda. Nazo zilizidi kuerevuka: Nikon FA ya mwaka 1983 iligawa picha katika sehemu tano na kuzilinganisha kabla ya kuamua.

Kwa hiyo kanuni yaweza kusemwa kwa maneno machache. Mambo yakienda mbio na mwanga ukibadilika, iachiwe mashine. Mwanga ukiwa umetulia, na uso wa mtu ukiwa ndio shabaha ya picha, ishikwe kwa mkono. Mpiga picha wa arusi aweza kupima mara moja mlangoni mwa kanisa, akaweka tundu na muda, na kupiga picha kumi bila kugusa tena, maadamu watu na jua hawajahama. Picha hizo kumi zitalingana. Otomatiki ingaliweza kutoa picha kumi za namna kumi, kwa sababu mara hii nguo nyeupe ilijaza picha, na mara hii suti nyeusi.

TAHADHARI KWA KAMERA KUUKUU

Anayenunua kamera iliyokwisha kutumiwa na aiangalie mita yake. Mita za seleni hazihitaji betri, lakini huchoka kwa miaka na kusema uongo. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitumia betri za zebaki za volti 1.35, ambazo zimeondolewa sokoni kwa kuwa zebaki ni sumu. Wengi huweka betri za volti 1.5 badala yake, na mara nyingi mita huona mwanga kuwa mwingi kuliko ulivyo, na picha huwa nyeusi. Jaribio ni rahisi. Saa sita mchana, jua likiwa wazi, mtu aweke filamu ya 100 na muda wa 1/125, na kuielekeza kamera kwenye nyasi mbichi zilizo juani. Mita ikisema 16, au kati ya 11 na 16, yaweza kuaminiwa. Ikisema mbali na hapo, aifuate kanuni ya jua, asiifuate mita.

Tena, kamera ya otomatiki kama AE-1 haifanyi kazi kabisa betri ikiisha. K1000 na nyingine kama hiyo hupoteza mita tu. Kilango chake huendelea kufanya kazi. Aendaye mbali na maduka na alikumbuke jambo hilo.

Mwisho, mwenye kutumia filamu ya negativu, akiwa na shaka, aongeze mwanga badala ya kuupunguza. Filamu hiyo yaweza kuvumilia mwanga uliozidi kwa hatua moja au mbili, na maabara ikairekebisha. Uso ambao haukupata mwanga wa kutosha haumo katika filamu, wala hapana fundi awezaye kuutoa humo. Filamu ya slaidi ni kinyume: hiyo huharibika upesi kwa mwanga uliozidi, nayo yataka kipimo cha uangalifu zaidi.

Hata simu za siku hizi hupima mwanga kwa kufuata asili hiyo hiyo, na ndiyo maana mtu huugusa uso juu ya kioo ili simu ijue ni nani anayetakiwa. Tofauti ni kwamba simu huonyesha kosa palepale, na picha ikapigwa tena. Filamu hunyamaza mpaka siku itakaposafishwa, wakati wageni wamekwisha tawanyika na mzee amekwisha rudi kwake Subukia. Kwa hiyo mwenye filamu na atumie nusu dakika kupima kabla ya kubonyeza. Picha 36 za filamu moja si nyingi, na nyuso zilizomo ndizo zitakazotazamwa na wajukuu.